Namna ya Kupima Mchezo wa Simu wa Kutoroka Chumbani: Uzuri Wake na Upungufu Wake

Mchezo wa kutoroka chumbani humfungia mchezaji mahali pamoja, mara nyingi chumba chenye mlango mmoja uliofungwa, kisha humwachia kazi ya kupekua droo, kusoma karatasi zilizoachwa mezani, kuunganisha vitu alivyookota na kufungua makufuli hadi apate njia ya kutoka. Hauna mbio wala mapigano, na hauhitaji vidole vyepesi. Unachohitaji ni jicho linalotazama kwa makini na akili isiyokata tamaa mapema. Ugumu unaanza dukani, kwa kuwa kwenye Play Store michezo ya aina hii ni mingi mno, picha zake za utangulizi zinafanana, na maelezo ya kila mmoja yanausifu kuwa bora kuliko mingine. Mwongozo huu unamweleza msomaji wa Uganda namna ya kuukagua mchezo mmoja kabla ya kuulipia, wakati wa kuucheza, na pale anapotaka kuwaeleza wenzake kama unafaa.

Inasaidia kujua aina hii ilitoka wapi. Mwaka 2004 Mjapani Toshimitsu Takagi alitoa Crimson Room, mchezo uliochezwa ndani ya kivinjari cha kompyuta kwa kubofya tu, ambamo mtu anajikuta katika chumba chekundu asichojua aliingiaje. Mwaka 2007 kampuni ya SCRAP ya Kyoto iliwafungia watu halisi katika chumba halisi, na biashara hiyo ikaenea katika miji mingi ya dunia. Michezo ile ya kivinjari iliyotegemea Flash ilikosa makao programu hiyo ilipofikia mwisho wake Desemba 2020, lakini kufikia wakati huo simu ya kugusa ilikuwa imekwisha kuirithi kazi yake. Katika historia hiyo yote, mchezaji amepewa uwezo mdogo sana: kugusa, kuchukua, kutumia. Mchezo wenye uwezo mdogo namna hiyo hauna mahali pa kujificha, maana mafumbo yake yakiwa mabaya, picha nzuri na muziki wa kutisha haviwezi kuuokoa. Kwa hiyo ninashikilia kwamba jambo la kwanza la kupimwa ni haki ya mafumbo, na la pili, kwa mtu anayenunua bando kwa shilingi zake, ni gharama ambayo mchezo unamtoza baada ya bei iliyoandikwa dukani.

Kabla ya kupakua

Fungua ukurasa wa mchezo na uusome wote, usiishie kwenye nyota. Ukurasa huo unaonyesha kama mchezo una matangazo, kama unauza vitu ndani yake, umri unaopendekezwa, ukubwa wa faili, tarehe ya toleo la mwisho, na sehemu inayoeleza ni taarifa gani za mtumiaji zinazokusanywa. Sehemu hiyo ya mwisho wengi huiruka, ingawa mchezo wa kufungua droo na makufuli hauna sababu yoyote ya kutaka orodha ya namba za simu zako au kujua uko wapi. Ukiona unaomba mambo hayo, hesabu hilo kuwa kasoro kubwa hata kabla ya kuona chumba cha kwanza.

Ukubwa wa faili una maana ya pekee hapa kwetu. Tangu Julai 2021, baada ya kufutwa kwa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyokuwa ikitozwa kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, bando la intaneti nchini Uganda linabeba ushuru wa asilimia 12, na juu yake ipo kodi ya ongezeko la thamani. Mchezo unaoitwa wa bure lakini wenye megabaiti mia nane si wa bure kwa mtu anayeupakua kwa data ya simu. Zaidi ya hapo, baadhi ya michezo huonyesha ukubwa mdogo dukani, kisha ikifunguliwa mara ya kwanza huanza kushusha mafaili mengine ya vyumba na sauti. Ni vyema ufunguzi huo wa kwanza ufanyike mahali penye Wi-Fi, na uache nafasi tupu kwenye simu iliyo karibu mara mbili ya ukubwa uliotajwa.

Ukifika kwenye maoni ya watumiaji, anza na ya nyota moja na mbili, tena yale ya karibuni. Watu wenye hasira hutia chumvi, lakini malalamiko yanayojirudia yana ukweli ndani yake: watu kadhaa wakisema kwamba walipofika chumba fulani mchezo ulifuta maendeleo yao, au kwamba tangazo linatokea kila wanapofungua droo, amini. Malalamiko ya "ni mgumu mno" yapuuze kwa sasa, kwa sababu ugumu peke yake si kasoro katika mchezo wa mafumbo.

Kuhusu bei, njia niipendayo ni ile ya kuonja kwanza. Studio ya Rusty Lake ya Amsterdam ilipotoa Cube Escape: Paradox mwaka 2018, sura ya kwanza ilikuwa ya bure na ya pili ya kulipia, hivyo mchezaji alijua anachokinunua. Mpango huo ni wa heshima kuliko ule wa mchezo wa bure unaokuacha uingie vyumba vitatu kisha unadai malipo kwa kila ufunguo.

Haki ya mafumbo

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, na chombo kinachohitajika ni daftari na kalamu. Kila unapokutana na kufuli, andika ni la aina gani, dalili yake uliikuta wapi, na kwa nini uliamini kwamba dalili ile ni ya kufuli lile. Baada ya vyumba viwili au vitatu daftari litakuwa limeshakuonyesha tabia ya mtunzi wa mchezo.

Wazee wetu walikuwa na kipimo ambacho sijaona kilichokizidi. Anayetega kitendawili husema, "Nyumba yangu haina mlango," na mtoto asiyejua jibu huhangaika, lakini akiambiwa ni yai, anakubali papo hapo, kwa kuwa maneno yote aliyohitaji alikuwa amepewa. Fumbo la haki katika mchezo wa simu lina sifa hiyohiyo: jibu likifichuliwa, mchezaji anaona kwamba dalili zilikuwa mbele yake. Fumbo lisilo la haki humwacha akiuliza, "Hilo ningelijuaje?" Andika pembeni ya kila fumbo mojawapo ya majibu hayo mawili. Mchezo ambao maswali ya "ningelijuaje" ni machache una nguvu yake kuu, hata kama picha zake ni za kawaida.

Kuna dalili za nje zinazosaidia kupambanua. Fumbo zuri huunganisha dalili na kufuli kwa umbo: picha ya ndege wanne wa rangi tofauti ukutani, na kufuli lenye vitufe vinne vya rangi zilezile, vinaitana bila maelezo. Fumbo zuri pia lina jibu moja tu linaloweza kuthibitishwa kabla ya kulijaribu. Ukipata namba nne lakini mchezo haukupi njia yoyote ya kujua mpangilio wake, unalazimika kukisia kati ya mipangilio 24, na huko ni kubahatisha. Makufuli ya namba yanafaa kuangaliwa kwa hesabu. Kufuli la tarakimu tatu lina majibu 1,000, na mtu anayejaribu moja kila sekunde mbili atalivunja kwa muda unaozidi nusu saa kidogo tu bila kufikiri kabisa, ilhali la tarakimu nne lina 10,000 na litamchukua zaidi ya saa tano. Ukijikuta unazungusha tarakimu tatu mfululizo kutoka 000, jiulize ni kitu gani kilichokusukuma huko, maana kwa kawaida ni dalili iliyofichwa mno au isiyokuwapo.

Kasoro inayojirudia kuliko zote ni ya vitu visivyoonekana. Mtunzi huweka ufunguo wa rangi ya kahawia juu ya meza ya kahawia, mdogo kuliko ncha ya kidole, na kwenye skrini ya inchi sita mchezaji analazimika kugusa kila pembe ya chumba. Fumbo la namna hiyo hupima uvumilivu wa kidole, wala halipimi akili. Dada yake ni ile kasoro ya kuunganisha vitu bila mantiki, pale ambapo sumaku na sabuni vinatengeneza kitu ambacho hakuna mtu angekitarajia. Njia ya kuigundua ni rahisi: ukiona umeanza kujaribu kila kitu kilicho mkobani juu ya kila kitu kilicho chumbani, mchezo umekwisha kuacha kukushirikisha.

Yapo mafumbo ambayo ni ya haki kwa mtu mmoja na si ya haki kwa mwingine, na mpimaji mwangalifu hayaachi. Fumbo la kutofautisha nyekundu na kijani linawafungia nje watu ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo, isipokuwa mchezo uwe umeongeza alama au umbo juu ya kila rangi. Fumbo la sauti linamshinda kiziwi, na pia mtu aliye ndani ya matatu asiyekuwa na vifaa vya masikioni. Fumbo la maneno, ambamo herufi za kwanza za vitabu kwenye rafu zinaunda neno la Kiingereza, linamdai mchezaji wa Koboko au wa kambi ya Nakivale, aliyesoma kwa Kifaransa au Kiswahili, ujuzi ambao hauhusiani na kutoroka. Hata saa ya ukutani inaweza kutatiza: mtoto aliyezoea kusema saa kumi mshale ukiwa kwenye nne anaweza kuingiza 10 mahali ambapo kufuli linataka 4. Michezo inayotegemea maumbo, mashine na hesabu badala ya maneno ndiyo inayovuka mipaka ya lugha vizuri zaidi, na kwa wasomaji wa Kiswahili ninaihesabia jambo hilo kuwa alama kubwa.

Vidokezo na bei yake

Katika kitendawili, aliyeshindwa hutoa mji ndipo aambiwe jibu. Michezo ya simu nayo ina miji yake: sarafu za ndani, malipo ya fedha, au tangazo la video. Kabla hujakwama, omba kidokezo kimoja makusudi, uone kinakugharimu nini na kinakupa nini. Kidokezo kizuri hutolewa kwa ngazi. Kwanza kinakuelekeza upande wa chumba wa kutazama, kisha kinataja kitu, na mwisho kabisa ndipo kinasema jibu. Kidokezo kibaya kinamwaga jibu lote mara moja na kuiua furaha ya chumba kizima, au kinakurudishia maneno uliyokwisha kuyasoma.

Msomaji atazame kwa makini uhusiano wa vidokezo na mapato. Mchezo unaouza vidokezo unapata fedha pale tu mchezaji anapokwama, kwa hiyo mtengenezaji ana sababu ya kuacha mafumbo yenye dalili pungufu. Sisemi kwamba kila anayeuza vidokezo anafanya hivyo, lakini ukikuta vyumba vya mwanzo ni vya haki kabisa na vyumba vya baadaye vina mafumbo yasiyo na dalili, wakati huohuo kitufe cha kidokezo kikianza kumetameta, umeshaona mpango wenyewe. Tangazo la sekunde 30 nalo si dogo kwa anayetumia bando la siku, kwa sababu video ndiyo inayokula data, na mchezaji anayekwama mara kwa mara anaweza kutumia data nyingi kwenye matangazo kuliko aliyotumia kuupakua mchezo wenyewe.

Simu, betri na njia isiyo na mtandao

Jaribio hili linachukua dakika moja. Baada ya kupakua na kuufungua mchezo mara ya kwanza, weka simu katika hali ya ndege na uufungue tena. Ukifunguka na kukuruhusu kuendelea, unafaa kwa safari ya basi kutoka Kampala hadi Arua kupitia Karuma na Pakwach, safari ya karibu kilomita 500 ambayo mtandao haudumu njia nzima. Ukigoma, basi ni mchezo wa nyumbani tu, na hilo liandikwe wazi katika tathmini yoyote inayolenga wasomaji wa Uganda.

Jaribio la pili linahusu kuhifadhi maendeleo. Katikati ya fumbo lililotatuliwa nusu, pokea simu, fungua programu nyingine mbili, funga skrini kwa muda, kisha urudi. Simu zenye kumbukumbu ndogo, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, huzifunga programu za nyuma bila kuuliza, na mchezo usiohifadhi kila hatua utakurudisha mwanzo wa chumba. Tazama pia kama simu inapata joto na kama betri inashuka haraka, hasa katika michezo yenye vyumba vya kuzungushwa pande zote. Ikiwa kuna fumbo linalodai kuinamisha au kuzungusha simu, hakikisha kuna njia mbadala ya kidole, kwa kuwa simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha kutambua mzunguko, na mwenye simu hiyo atabaki chumbani bila kosa lake.

Mfano wa kupima

Mfano ninaoutumia mara nyingi ni The Room, uliotolewa na Fireproof Games ya Guildford, Uingereza, mwaka 2012 kwa iPad, kisha ukafika kwenye Android mwaka uliofuata. Uzuri wake ni kwamba chumba kimegeuzwa kuwa kasha: mchezaji analizunguka, anavuta vishikizo, anazungusha funguo, na kila kilichofunguka kinafichua kasha jingine ndani yake, hivyo macho hayatawanyiki na dalili haziko mbali na kufuli. Ni mchezo wa kulipia usiokatizwa na matangazo, vidokezo vyake vinatoka kwa ngazi bila malipo, na asiyevitaka anaweza kuvizima. Upungufu wake nao uko wazi: ni mfupi, unakwenda kwa mstari mmoja ambao hauruhusu kuliacha fumbo moja na kuanza jingine kwa hiari pana, na picha zake zinataka simu yenye nguvu kuliko ile ambayo mwanafunzi wa kawaida anayo.

Ufupi huo ni upungufu wa aina nzima, si wa mchezo mmoja. Fumbo likishatatuliwa limekwisha, na kurudia chumba unachokijua ni kama kazi ya mikono. Kwa hiyo usipime bei kwa saa peke yake, bali uliza pia kama mchezo unachezeka na watu wawili juu ya simu moja, mmoja akishika kalamu na mwingine akigusa skrini. Mafumbo mengi huwa mepesi kwa macho mawili zaidi, na mchezo ambao familia imeucheza pamoja umetoa thamani ambayo nyota za dukani hazionyeshi. Kama watoto watakuwepo, angalia kwanza umri uliopendekezwa, kwa sababu michezo mingi ya aina hii imejengwa juu ya vifo, damu na vitisho. Hiyo ya Rusty Lake, kwa mfano, ina ustadi mkubwa wa mafumbo lakini hadithi zake ni za giza na za watu wazima.

Kuandika tathmini

Ukitaka kuwaandikia wengine, anza kwa kutaja simu uliyotumia, ukubwa wa kumbukumbu yake, na kama ulicheza ukiwa na mtandao au bila mtandao, maana mchezo mmoja unaweza kuwa mwepesi kwenye simu moja na kukwamakwama kwenye nyingine. Eleza fumbo moja zuri na moja baya bila kutoa majibu. Unaweza kusema, "Kufuli la rangi katika chumba cha pili lina dalili isiyotosha," na msomaji ataelewa bila kuharibiwa mchezo. Usigawe alama sawasawa kwa picha, sauti, hadithi na mafumbo kana kwamba vina uzito mmoja. Mimi huyapa mafumbo nusu ya alama zote, gharama na mtandao robo, na yaliyobaki yote hugawana robo ya mwisho. Anayepima kwa ajili ya shule au maktaba anaweza kuongeza uzito wa lugha na umri.

Tathmini hiyo ifanywe mapema kama umelipa. Google Play hupokea maombi ya kurudishiwa fedha ndani ya saa 48 baada ya ununuzi, na ombi hufanywa kupitia historia ya malipo katika akaunti yako, kwa kuchagua mchezo husika na kueleza sababu. Kwa hiyo siku uliyonunua, fanya lile jaribio la hali ya ndege, jaribio la kuhifadhi, na vyumba viwili vya kwanza ukiwa na daftari. Mchezo ukishindwa katika hayo, peleka ombi, kisha ufute pamoja na mafaili yake ili nafasi ya simu irudi.